Ganda la Muwati

Jumamosi, 13 Aprili 1957

Ganda lile si la mti wa Kukhu. Ni la muwati, mti wa kuni tu. Nililibandua mimi kwa kisu cha jikoni, chini ya machimbo ya mawe, mahali ambapo watoto wa landi hukata kuni. Hakuna mtu anayejua. Baba hajui, Kukhu mama yake hajui, na Daktari Ogola aliyeondoka nalo akilibeba kama yai ndiye asiyejua kabisa.

Naandika kwa Kiswahili kwa sababu Kiingereza changu ni cha kumwonyesha mwalimu, na hili si la kuonyesha mtu.

Ilikuwa hivi. Jirani yetu hapa Nakuru, katika landi za wafanyakazi wa reli, ni Omolo, anayefanya kazi ya kupakia mizigo, na mkewe Akoth. Mwaka juzi Akoth alipojifungua alitokwa na damu mpaka godoro likalowa, na Kukhu yangu akamnywesha maji ya ganda la mti wake. Damu ikasimama. Omolo hakuacha kulisema jambo hilo, mpaka likamfikia binamu yake Ogola, ambaye ni daktari na anafundisha mambo ya dawa katika chuo cha madaktari kule Uganda. Jana alikuja mwenyewe. Viatu vinang'aa, kalamu mbili mfukoni. Akaomba ganda akalipime katika hospitali ya hapa.

Kukhu alinielekezea kidole. Halafu akasema, "Nekoye ataenda asubuhi."

Kwa Kukhu, anayechemsha dawa hakati. Anayekata ni mimi, kwa sababu ndiye msichana wa nyumba hii. Unaenda na njaa. Unakata upande jua linakotokea, unaziba kidonda cha mti kwa matope. Na tangu unapotoka mpaka unaporudi husalimii mtu wala hujibu salamu. Ukisema neno, siku hiyo imeharibika. Unarudi mikono mitupu na unamwambia Kukhu, naye hasemi kitu, unaenda siku nyingine. Halafu dawa ikiwa inakwenda kwenye chungu cha mtu mwingine, Kukhu haifungui. Anaikabidhi ilivyofungwa.

Leo asubuhi nilikuwa karibu na mti, kwenye mteremko wa Menengai, ukungu umeshuka. Kipketer, askari wa msitu, akatokea na bunduki yake.

"Wewe msichana! Unaenda wapi?"

Nikasema, "Jambo, mzee."

Maneno mawili tu. Mimi ambaye shuleni mwalimu ananiambia nifungue mdomo, siku ya kuufunga ndiyo nimeufungua.

"Pasi iko wapi? Huku watu wanapigwa risasi, wewe unatembea kama unaenda kanisani. Rudi chini!"

Nikakimbia. Nilipofika machimboni nikakumbuka kwamba daktari ameketi kwetu akinisubiri, na Kukhu amevaa leso yake mpya, na mimi nitaingia mbele ya mgeni niseme nimesalimia askari. Sikuweza. Muwati ulikuwa pale, ganda lake jekundu kwa ndani, kama lile. Nikakata, nikafunga kwa majani, nikaingia nyumbani kimya kama inavyotakiwa.

Daktari alisimama akalipokea kwa mikono miwili.


Jumapili, 14 Aprili

Jumapili ya Matawi. Nilishika tawi langu. Sikuimba.


Alhamisi, 18 Aprili

Mvua tangu asubuhi. Mfereji wa landi umefurika na kuingia kwa watu. Kwetu bado.


Jumatatu, 22 Aprili

Baba amerudi na gari la moshi la Kisumu, macho mekundu kwa makaa. Yeye ni faiamani, mlisha moto wa gari, anakula moshi kila siku. Alipoambiwa habari za daktari alicheka kwa furaha mpaka akakohoa. "Mama yangu ataandikwa kwenye kitabu cha madaktari," akasema. "Watasoma Namalwa wa Kimilili, Wazungu watavunjika ulimi." Kukhu akajifanya hasikii, lakini alimwongezea ugali.

Baadaye Akoth akaja na tumbo lake, akajitupa kwenye kigoda akiguna. Bado miezi miwili.

"Shemeji yangu anachinja sungura pale hospitali," akasema. "Watoto wanamwita Daktari Sungura. Nimemwambia, shemeji, ukimaliza kumuuliza sungura maswali, lete sufuria hapa tumuulize mengine."

Tulicheka wote. Akanigeukia. "Na wewe Nekoye unacheka kwa mkono mdomoni! Siku ukiolewa utamsalimia bwana yako kupitia dirisha?"

Kukhu akamshika tumbo, akalibonyeza huku na huku. "Huyu anakuja na mvua," akasema.

"Aje tu. Wewe upo. Ile chai yako chungu ipo. Mimi safari hii siogopi."

Nikatoka nje kuanua nguo ambazo zilikuwa bado mbichi.


Jumanne, 30 Aprili

Leo nimeona kipimo kwa macho yangu.

Daktari alituma Omolo anichukue. Alisema Kukhu hajui Kiswahili cha kutosha wala yeye hajui Lubukusu, kwa hiyo mtu wa kumweleza mama mzee ni mimi, na mtu hawezi kueleza asichokiona. Sikuwa na namna ya kukataa. Kukataa nako kunataka maneno.

Amepewa stoo nyuma ya hospitali, harufu ya spiriti na ya sungura pamoja. Mezani kuna pipa dogo la shaba linalozunguka polepole, limevishwa karatasi nyeusi. Aliipaka masizi mwenyewe juu ya taa ya mafuta, pua yake ilikuwa na alama. Kando kuna gilasi ya maji ya chumvi ya uvuguvugu yanayotoa mapovu, na ndani yake umening'inia utepe mdogo, kama kipande cha utumbo. Ni sehemu ya mfuko wa uzazi wa sungura. Sungura amekufa lakini huo utepe bado unajikunja na kujikunjua peke yake. Umefungwa uzi, uzi umefungwa kijiti chepesi chenye ncha, na ncha inachora mstari mweupe kwenye masizi. Ukijikunja, mstari unapanda. Ukilegea, unashuka.

"Mama akishazaa," akaniambia, "mfuko ukijikaza damu inasimama. Ukilegea damu inatoka. Dawa ya nyanya yako, kama ni dawa, itaufanya hivi." Akakunja ngumi.

Ilibidi tungoje utepe utulie. Akaketi juu ya sanduku akaanza kunipa habari za idara yao, mimi nikitazama sakafu. Alisema ilianza katika chumba cha kufulia nguo za wagonjwa, na mpaka leo mvua ikinyesha ukuta unatoa harufu ya sabuni. Mwalimu wa kwanza alifika na pipa hili hili ndani ya sanduku la chai. Wanafunzi walikariri vipimo vya dawa vilivyopimwa kwa miili ya watu wa Ulaya, wakaenda kuwapa watu wa kwetu. Chupa zimepangwa rafu kwa rafu, kila moja imeandikwa dawa ilikotoka: Peru, Uhindi, Java. "Miaka yote hiyo," akasema, "hakuna chupa hata moja iliyoandikwa mahali ambapo mimi nimewahi kukanyaga. Nikamwomba Profesa rafu moja. Akacheka. Akasema, haya Ogola, nakupa msimu mmoja wa mvua. Ukirudi na kitu kimoja kinachofanya kazi, rafu ni yako. Usiporudi nacho, rafuni tutaweka vitambaa."

Nilikuwa nimemdhania mtu wa kujivuna kwa sababu ya vile viatu. Kumbe viatu anaving'arisha kwa sababu ni jozi moja.

Kwanza akadondosha dawa ya hospitali. Kijiti kikaruka juu kama mtu aliyeitwa jina lake. Akausafisha utepe, tukangoja. Kisha akachukua maji ya ganda. Yalikuwa na rangi ya chai isiyo na maziwa. Akadondosha.

Mstari ulikwenda vile vile. Unapanda kidogo, unashuka kidogo. Akaongeza. Vile vile. Akainama mpaka pua ikakaribia kugusa masizi, na mimi nilimwona anaomba, mtu mzima, midomo inatembea.

"Hakuna kitu," akasema.

Hapo ndipo pangekuwa pa kusema. Tulikuwa wawili tu.

"Lakini kitu hakipimwi mara moja," akasema tena, akijitia nguvu. "Pengine ganda lilichelewa kukauka. Niletee tena, tafadhali, Nekoye. Usimwambie mama mzee bado."

Amenisaidia kuficha, naye hajui.


Jumamosi, 4 Mei

Leo sina askari wa kumsingizia.

Nilitoka alfajiri. Sikumsalimia mtu. Mama mmoja wa maziwa aliniambia habari ya asubuhi nikapita kama kiziwi, akasema watoto wa shule hawana adabu. Mlimani hapakuwa na Kipketer wala mtu yeyote. Ukungu uliondoka, nikaona ziwa kule chini limekuwa la waridi kwa ndege. Nikaufikia mti. Nikauzunguka mpaka upande wa jua, mahali penye makovu ya zamani niliyokata mwenyewe, yaliyoziba vizuri. Nikaweka kisu.

Ndipo wazo likanijia. Nikimpelekea hili, na kijiti kikapanda, atauliza kwa nini lile la kwanza halikupanda. Ataweka maganda mawili pamoja mezani. Yeye ni mtu wa kulinganisha vitu, ndiyo kazi yake.

Nilisimama pale kisu kikiwa kwenye mti. Nilisimama sana.

Nikakirudisha kisu kwenye ala. Nikashuka machimboni.

Muwati, tena.

Mara ya kwanza niliogopa nikakosea. Leo nimechagua. Sijui kama kuna neno la kutenganisha haya mawili lakini mimi tofauti yake naijua tumboni.


Jumatatu, 6 Mei

Shule imefunguliwa. Mwalimu alisema tuandike insha juu ya likizo. Niliandika kwamba tulipanda maharagwe.


Ijumaa, 10 Mei

Daktari amekuja jioni, matope mpaka magotini. Hakukaa. Kukhu alikuwa amemwekea kigoda na kukipangusa.

Alisema kwa Kiswahili, polepole, ili nitafsiri. "Mwambie mama mzee namshukuru. Mwambie nimepima mara mbili, sungura wawili. Mwambie ganda halina dawa. Akoth alipona kwa sababu mwili wake ulijikaza wenyewe, jambo hilo hutokea. Mwambie asione vibaya. Ila ni vizuri akina mama wasilitegemee. Akoth siku yake ikifika, aende hospitali moja kwa moja."

Nikayasema yote hayo kwa Lubukusu. Kwa mdomo wangu. Sauti yangu ilitoka safi, sijui nguvu ile niliitoa wapi.

Kukhu akaniuliza, "Amepima ganda ulilokata wewe?"

"Ndiyo, Kukhu."

"Ulikwenda kimya?"

Mara ya pili nilikwenda kimya. Nikashika hilo. "Nilikwenda kimya, Kukhu."

Akatikisa kichwa. Hakukasirika. Afadhali angekasirika. Alimwambia daktari ahsante, akamsindikiza mpaka mlangoni, halafu akarudi akatoa chini ya kitanda chungu kidogo anachowekea maganda ya akiba, akatoka nacho kwenye mvua akakimwaga katika mfereji. Maji yakayachukua kuelekea relini.

"Mti umenikataa," akasema. "Kama haukunikataa sasa, basi hata zamani nilikuwa nadanganya watu bila kujua."

Nilimtazama akisuuza chungu kile. Alikisuuza kama sufuria ya kawaida, akakiweka pamoja na vyombo vya kupikia.


Jumapili, 19 Mei

Mvua.


Jumatatu, 27 Mei

Wamekuja wanawake wawili leo, mmoja kutoka landi za juu, mwingine mke wa mpishi wa Milimani. Kukhu amewarudisha. "Nendeni hospitali. Mimi ni mzee tu, nimekaa na mwanangu." Yule wa Milimani alikasirika, akasema amevuka mji wote kwa miguu. Kukhu akampa uji.

Baba hapigi tena mzaha wa kitabu cha madaktari. Anavuta sigara mlangoni, anatazama mvua.

Siku hizi sili vizuri. Kukhu anadhani ni mtihani. Ananiwekea nyama yake pembeni ya sahani yangu na kunihimiza nile nipate akili.


Jumamosi, 1 Juni

Nilikwenda mpaka hospitali nimwambie daktari. Nilifika kwenye mlango wa stoo. Nikasikia anapiga mluzi ndani. Nikarudi.


Alhamisi, 13 Juni

Lazima niandike leo, kesho nitaanza kujipunguzia makosa.

Nilirudi kutoka shule mchana, mvua ya mawe ilikuwa imepiga mabati mpaka tukaachiliwa mapema. Nikasikia sauti ya Akoth kutoka ndani kwake. Mipango yote ilikuwa aende hospitali uchungu ukianza, lakini mtoto huyu hakutaka kungojea mtu. Omolo alikuwa kazini. Kukhu alikuwa ameshaingia.

"Nekoye! Maji! Halafu mwite Omolo!"

Nilimtuma mtoto wa jirani kwa Omolo nikachemsha maji. Nilipoingia na beseni mtoto alikuwa amekwisha kutoka, msichana, analia kwa hasira. Akoth alikuwa anacheka na kutweta. "Sikia hiyo kelele," akasema. "Huyu si kama wewe, Nekoye. Huyu atasalimia watu."

Kisha akajivuta shuka mpaka kidevuni. Akasema, "Kukhu, naona baridi."

Kukhu alifunua shuka. Sitaandika nilichoona. Alipiga magoti akaanza kulikanda tumbo kwa mikono miwili, kwa nguvu, kama anakanda unga, jasho linamtoka. Damu inapungua, inarudi. Akoth akawa anageuka rangi, midomo ikawa kama majivu.

"Kukhu," akasema, taratibu, "chai yangu iko wapi? Ile chungu."

Kukhu hakuacha kukanda. "Sina, mwanangu."

"Nipe kidogo tu."

"Haikuwa kitu, mwanangu. Walipima. Haikuwa kitu."

Kukhu alimwambia kwa Lubukusu, Akoth aliomba kwa Kiswahili, na walielewana. Mimi nilisimama kati yao na beseni. Nilikuwa najua jambo moja ambalo hakuna mwingine chumbani aliyelijua, na hata kama ningelipiga kelele saa ile, mti uko mlimani na maganda ya akiba yalikwenda na mfereji. Ndiyo maana nasema sikunyamaza leo tu. Leo nilikuta nimekwisha kunyamaza.

Omolo alifika na mkokoteni wa kituoni, ule wa kubebea magunia, na Daktari Ogola nyuma yake akikimbia bila koti. Walimlaza Akoth juu yake, turubai juu. Daktari alisukuma mwenyewe. Barabara ya hospitali ilikuwa matope tupu, gurudumu likazama, akaingia mzima mferejini akaliinua kwa bega. Kiatu kimoja kilibaki huko. Hakukirudia.

Kukhu alibaki na mtoto. Alimwosha, akamfunga, akaketi naye, mikono yake ina damu mpaka viwikoni. Alikuwa anaitazama mikono ile.


Ijumaa, 14 Juni

Akoth yu hai.


Jumapili, 16 Juni

Tumekwenda kumwona. Walimpiga sindano, ile dawa iliyofanya kijiti kiruke, wakampa damu ya Omolo. Amelala bapa kama nguo iliyoanikwa. Alipomwona Kukhu alitaka kucheka, pumzi ikakatika. "Mtoto naye amezaliwa mvuani," akasema, "kwa hiyo ni Akoth pia. Sasa mkiita mmoja tutaitika wawili." Sista alisema atakaa kitandani sana, na kwamba kuchelewa kidogo tu kungemwondoa.

Nje, kwenye varanda, Daktari alisimama na viatu vya kuazima. Aliongea na mimi kama na mtu mzima.

"Kosa ni langu, Nekoye. Kijiti hakisemi dawa ni ya uongo. Kijiti kinasema tu kwamba nilichotia ndani ya maji hakikufanya kitu. Basi. Mimi nikaja kwenu nikasema kingine kabisa, kwa sababu nilikuwa nimekasirika kuikosa rafu. Nikamnyang'anya mama mzee mikono yake kabla sijawa na hakika. Na Akoth, mimi ndiye nilimwambia shemeji usitegemee. Hata barabara sikufikiria."

Nilichotia ndani ya maji. Aliyasema hayo akinitazama usoni.

Kinywa changu kilifunguka. Nikasema, "Pole, Daktari."

Pole! Yeye anabeba gunia langu, na mimi nampa pole.


Jumatano, 26 Juni

Kukhu anafunga mizigo. Amesema anarudi Kimilili kwa Mama na wadogo zangu, na harudi tena huku. Baba alibishana naye mpaka sauti ikapanda. "Mama, daktari mwenyewe amesema alikosea kusema vile!"

"Daktari ni mtu mzuri, anataka kunifariji," Kukhu akasema. "Mimi nilikanda tumbo la mtoto wa watu, na mikono haikujua kitu. Mtu ambaye mti umemkataa hakai karibu na wajawazito. Nitapalilia mtama."

Ataondoka na gari la moshi la Jumapili. Daktari naye anaondoka na lilo hilo, kwenda Uganda na sanduku lake na karatasi zake mbili nyeusi zenye mstari usiopanda. Watapanda pamoja hapa Nakuru, wakae pengine behewa moja, kila mmoja akijilaumu kwa jambo langu, na wakigawana chakula njiani. Nalifikiria hilo behewa kila dakika.


Jumamosi, 29 Juni

Leo mvua imekatika. Nimekwenda kwenye mti.

Sikula. Sikumsalimia mtu. Chini ya mteremko Kipketer alitokea, bunduki begani.

"Wewe tena! Unaenda wapi?"

Nikatembea.

"Wewe! Leo umekuwa bubu?"

Nilitembea, mgongo unawasha kama risasi imekwisha kufika. Sikusikia risasi. Nilisikia buti zake nyuma yangu, zinanifuata, mpaka kwenye mti. Nikazunguka upande wa jua. Nikakata. Ganda lilitoka na harufu yake, harufu ya nyumba yetu, na nikajiuliza nilifikirije kwamba muwati unafanana nalo. Nikachota matope, nikaziba kidonda, nikakipapasa mpaka kikawa laini. Kipketer alisimama ananitazama, kofia mkononi.

"Kumbe ni dawa," akasema. "Mama yangu pia hukata hivyo, akiwa kimya. Si ungenionyesha tu kisu siku ile? Ningekupisha."

Nililia njia nzima. Kulia hakukatazwi.

Sasa ni mchana, nimeketi mezani. Ganda lipo mbele yangu, limefungwa kwa majani. Sijui kijiti kitasema nini. Pengine hakitapanda, na Daktari alikuwa na haki tangu mwanzo, na damu ya Akoth mwaka ule ilisimama yenyewe. Nimeligeuza jambo hilo usiku na mchana, na nimeona halinisaidii hata kidogo. Kikipanda au kisipopanda, walichopima kilikuwa cha kwangu, si cha Kukhu. Jioni ya leo nitampelekea Daktari akiwa bado na pipa mezani, nimwambie kila kitu. Lakini yeye ni wa pili.

Kukhu yuko kwa Akoth kumuaga. Akoth amerudishwa nyumbani jana, anakaa kitako sasa. Nasikia mtoto analia na mtu anacheka.

Nimeandika vitu vyote hivi na kila siku nimevificha chini ya godoro, kila nikisikia mguu. Leo ndiyo nimejiuliza, nilikuwa namficha nani? Baba hashindi hapa. Na Kukhu hajui kusoma. Ningeweza kuliacha daftari hili wazi juu ya chungu chake miaka kumi.

Nasikia mlango wa Akoth umefungwa. Hizo ni gambuti za Baba, Kukhu amezivaa kwa sababu ya matope, zinamburuta. Anasimama kwenye mfereji. Anavuka.

Mkono wangu umekwisha kulishika godoro, kwa mazoea. Nimeurudisha mezani. Nimeliweka ganda juu ya ukurasa, upepo usije ukafunga daftari.

Sina Lubukusu ya mambo kama haya. Shuleni walinifunza lugha mbili za kujibu maswali, na hii ya tatu nimeizoea kwa kuomba chumvi na kuulizwa kama nimeshiba. Nitaitumia hiyo hiyo. Nitamwomba aketi, nitamsomea polepole, kuanzia Aprili.

Anakung'uta matope kizingitini. Anasema, "Nekoye, umekula?"

Ganda lile si la mti wako, Kukhu.